UZI: Kazuyoshi Ishii, mwalimu wa karate aliyeijenga K-1 kisha ikamponyoka

Wakuu, heshima mbele.

Humu jukwaani tukigusa habari za mapromota, mjadala unaishia kwa Don King, Bob Arum na siku hizi Eddie Hearn. Upande wa ngumi na mateke (kickboxing) hatuugusi, na huko ndiko alikotokea mtu ambaye mimi namweka juu ya hao wote kwa ugumu wa kazi aliyoifanya. Don King alikuta mchezo upo, mikanda inajulikana, watu wameshazoea kukata tiketi. Kazuyoshi Ishii wa Japani alikuta mabingwa wametapakaa, kila mmoja na mkanda wa chama chake usiotambulika nchi ya jirani, kila nchi na sheria zake. Akawaweka kwenye ulingo mmoja, akawapa sheria moja, mashindano hayo akayaita K-1, na chini ya miaka mitano alikuwa ndani ya Tokyo Dome, uwanja unaobeba makumi ya maelfu ya watu. Baadaye akafungwa jela kwa kosa la kodi.

Nitaandika yote, mazuri na mabaya. Mwenye swali aulize, nitajibu ndani ya uzi huu huu.

SEHEMU YA 1: ALIYEMTANGULIA

Bila Osamu Noguchi, Ishii hataeleweka. Noguchi alikuwa promota wa ngumi za kawaida Tokyo, na ngumi aliirithi nyumbani, kwa baba yake. Miaka ya 1960 mwanzoni alivutiwa na muay thai, mchezo wa mapigano wa Thailand, akataka Wajapani waione ikikutana na karate yao. Februari 1964 wanakarate watatu wa dojo (shule ya karate) la Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa mtindo wa Kyokushin, walipelekwa Bangkok, uwanja wa Lumpinee, kupambana na Wathai kwa sheria za Wathai. Wawili walishinda. Wa tatu, Kenji Kurosaki, aliyekwenda akiwa mwalimu zaidi kuliko mpiganaji, alipigwa kiwiko akalala.

Mlishike jina la Kurosaki, litarudi.

Mwaka 1966 Noguchi akaunda mchezo mpya: glovu za ngumi, mateke, magoti, ulingo wa kamba. Jina la mchezo huo linalotumika dunia nzima hadi leo, kickboxing, ni yeye aliyelitoa. Akamtafuta kijana wa karate, Tadashi Sawamura, akamtengeneza kuwa nyota, na mapambano yakawa yanaonyeshwa kila wiki na televisheni ya TBS. Goti la kuruka la Sawamura lilipendwa na watoto kwa wazee. Mwaka 1973 alipewa tuzo kubwa ya michezo ya kulipwa Japani mbele ya Sadaharu Oh, mfalme wa besiboli wa wakati ule. Kwa wasiojua besiboli ina maana gani Japani: ni kama hapa kwetu mcheza bao ampiku nyota wa Simba au Yanga.

Noguchi alijenga kila kitu juu ya mabega ya mtu mmoja. Sawamura alipoacha kupigana mwaka 1977, televisheni nazo zikaanza kuondoka, na ilipofika miaka ya 1980 mchezo ulikuwa umerudi kwenye kumbi ndogo.

Lakini mbegu ilikuwa imeshavuka bahari. Kurosaki, yule aliyepigwa kiwiko Bangkok, alirudi Tokyo akafungua klabu ya Mejiro na kufundisha kwa ukali unaosimuliwa mpaka leo. Mholanzi Jan Plas akaenda kufundishwa hapo, akarudi kwao na kufungua Mejiro ya Amsterdam mwaka 1978. Jirani yake Thom Harinck alikuwa na klabu ya Chakuriki. Wakachanganya ngumi za Ulaya na mateke ya chini ya Wathai, na katika klabu za namna hiyo Uholanzi wakatoka majitu kama Peter Aerts na Ernesto Hoost. Mabingwa hawa walikuwa wa dunia kweli, ila walipigana kwenye kumbi za mtaani kwa malipo ambayo hayaendeshi familia.

SEHEMU YA 2: KANCHO

Ishii alizaliwa mwaka 1953 Uwajima, mkoa wa Ehime, kisiwa cha Shikoku, mbali na Tokyo. Akiwa kijana aliingia karate ya Kyokushin, ule mtindo wa Oyama, chini ya Hideyuki Ashihara, mwalimu aliyesifika kwa kumzunguka mpinzani na kumpiga kwa pembeni. Baadaye akaenda Osaka kusimamia upanuzi wa tawi. Mwaka 1980 akajitenga, akaanzisha shule yake mwenyewe, Seidokaikan. Mpaka leo wapiganaji wa zamani wanamwita Kancho, yaani mkuu wa shule.

Tangu hapo unaona promota ndani ya mwalimu. Shule nyingi za karate zilikuwa zinafunga milango: mwanafunzi wa shule hii haruhusiwi kushindana kwa wale. Ishii aliifungua ya kwake. Mashindano ya Seidokaikan yalipokea watu wa shule nyingine, na mwaka 1991 vijana wake, akiwemo Masaaki Satake, wakaanza kupanda ulingo wa Rings, kampuni ya mcheza mieleka Akira Maeda. Huko Ishii alijionea jinsi onyesho linavyopangwa: taa, muziki, mpangilio wa mapambano, namna ya kuzungumza na watu wa televisheni.

SEHEMU YA 3: APRILI 30, 1993

Siku hiyo ndipo K-1 ilipozaliwa, ukumbi wa Yoyogi, Tokyo, pamoja na televisheni ya Fuji. Wapiganaji wanane wa uzito mkubwa, mashindano ya mtoano, yote usiku mmoja. Anayeshinda mara tatu ndiye bingwa. Raundi tatu za dakika tatu. Viwiko hakuna, kubwagana hakuna, kukumbatiana mwamuzi anatenganisha haraka.

Sheria hizi zilikuwa na akili kubwa kuliko zinavyoonekana. Mwanakarate, mtu wa muay thai, bondia wa Ulaya, wote walipoteza kitu kidogo na wote wakabaki na silaha ya kutosha. Na mtazamaji ambaye hajawahi kuona pambano hata moja anaelewa ndani ya dakika moja nani anashinda. Mama aliyekaa sebuleni anaelewa. Promota mwingi hujali sana wataalamu wa mchezo; Ishii alimjali yule mama.

Orodha ya usiku ule: Peter Aerts, Ernesto Hoost, Maurice Smith wa Marekani, Changpuek Kiatsongrit wa Thailand, Satake na Toshiyuki Atokawa wa Japani, Todd Hays wa Marekani, na Branko Cikatić wa Kroatia. Cikatić alikuwa na miaka 38, umri ambao wengi wameshatundika glovu. Akamwangusha Changpuek raundi ya kwanza, akamwangusha Satake, kisha fainali akamlaza Hoost raundi ya kwanza kwa mkono wa kulia. Hoost mwenyewe alikuwa ametoka kumlaza Smith kwa teke la kichwa mapema usiku huo huo. Hakuna aliyeweza kuupanga usiku wa namna ile, na televisheni walielewa papo hapo wamepata nini.

> Mkuu, kupigana mara tatu usiku mmoja si kuuana? Hapa kwetu bondia akipigwa nokauti anapumzishwa.

Swali la haki. Ni hatari, na mimi nasema wazi kwamba mfumo ule uliwala wapiganaji. Mtu anaingia fainali mguu umevimba, mbavu zimeguswa, na mpinzani amemaliza kazi yake kwa dakika moja hajatoka jasho. K-1 walikuwa na wapiganaji wa akiba ili mshindi akishindwa kuendelea nafasi yake ijazwe, na hilo lilileta mambo ya ajabu. Mwaka 2002 Hoost alipigwa na Bob Sapp robo fainali. Sapp akawa ameumia mkono, akashindwa kuendelea. Hoost akarudishwa, akamshinda Ray Sefo, akaingia fainali na Jérôme Le Banner, akampiga mateke mkono uliokuwa unazuia mpaka ukavunjika. Akawa bingwa mara ya nne, usiku ule ule aliopoteza pambano. Kwa burudani hakuna kilichowahi kuifikia. Kwa afya ya binadamu, bado naliona kuwa tatizo.

SEHEMU YA 4: ANDY HUG

Promota anapimwa kwa anavyomlea mtu aliyeshindwa, ndiyo maana nampa Hug sehemu yake peke yake.

Andy Hug alikuwa Mswisi wa Kyokushin aliyehamia Seidokaikan, maarufu kwa teke la kisigino linaloshuka kutoka juu kama vile mtu anapasua kuni. Kwa ngumi za glovu alikuwa mgeni. Mwaka 1994 aliingia mashindano makubwa akapigwa na Patrick Smith ndani ya sekunde 19. Mwaka 1995 Mike Bernardo wa Afrika Kusini akamsimamisha, na hakufika hata siku ya fainali. Promota mwingine angemwambia arudi kwao.

Ishii akaendelea kumpanga. Hakumficha kwa wapinzani laini. Alimpa nafasi ya kurudiana na waliompiga, na akaacha Wajapani waone mtu anavyojifunza mbele ya macho yao. Mei 6, 1996, Yokohama, Hug alimshinda Hoost kwa pambano la kuvuta pumzi, na fainali akakutana na Bernardo yule yule. Raundi ya pili akageuka na kumpiga teke la mzunguko pajani, Bernardo akashindwa kusimama. Nimeliangalia pambano lile mara nyingi na bado linanisisimua.

Agosti 2000 Hug alifariki Tokyo kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 35. Kati ya kujulikana kwa ugonjwa na kifo hazikupita wiki nyingi. Wajapani walimlilia kama mtu wao. Huyo ndiye nyota ambaye K-1 ilimpata kwa uvumilivu, bila kumnunua.

> Hela ya kuwaleta hao wazungu wote ilitoka wapi? Viingilio tu haviwezi.

Umegusa penyewe, mkuu. Viingilio vilisaidia, na tangu 1997 fainali zilifanyika Tokyo Dome mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Ila uti wa mgongo ulikuwa haki za matangazo, na hapo Ishii alionyesha ufundi ambao sijauona kwa promota mwingine wa ngumi na mateke. Aliigawa K-1. Mashindano makubwa ya dunia yalikuwa ya Fuji. Mfululizo wa K-1 Japan, wenye wapiganaji wa nyumbani, ukaenda Nippon Television. Kisha mwaka 2002 akaja na K-1 MAX ya kilo 70, akawapa TBS. Vituo vitatu vinavyogombania watazamaji wale wale, kila kimoja kikiwa na sababu yake ya kuitangaza K-1.

Ile ya kilo 70 nayo ilikuwa jibu la tatizo la kweli. Mjapani wa kuwapiga majitu ya Uholanzi hakupatikana. Kwenye kilo 70 akapatikana Masato, bingwa wa 2003, sura ya matangazo na miguu ya kazi, na baada yake Buakaw wa Thailand na Andy Souwer wa Uholanzi wakaufanya uzito huo kuwa bora kuliko ule mkubwa. Hayo ni maoni yangu na niko tayari kubishana.

SEHEMU YA 5: MAHALI PALIPONIUMIZA

Ishii alikuwa promota, mkuu wa shule na mmiliki wa mashindano kwa wakati mmoja. Satake alikuwa mwanafunzi wake. Nobuaki Kakuda, mwanafunzi wake mwingine, alikuja kuwa mwamuzi na kiongozi ndani ya K-1. Musashi, tegemeo la Japani kwa uzito mkubwa, naye wa Seidokaikan. Hebu fikiria ligi ambayo mwenye ligi ana timu yake ndani na waamuzi wametoka klabuni kwake. Mashabiki wa nje walinung'unika kila Musashi aliposhinda kwa pointi, na hata pale alipostahili ushindi, manung'uniko yalikuwa na pa kushika. Naamini hilo lingerekebishika mapema kwa kuweka majaji wasio na uhusiano na shule yoyote.

Mwaka 2002 ndio ulikuwa kilele. Agosti 28, K-1 na Pride, kampuni nyingine ya mapigano ya Japani, waliungana kwenye Uwanja wa Taifa wa Tokyo, umati ambao mchezo wa mapigano haukuwa umeuzoea. Desemba, Tokyo Dome ilijaa watu zaidi ya 70,000 kwa fainali ile ya Hoost niliyoieleza. Bob Sapp, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alikuwa kwenye kila tangazo la televisheni.

Na ni wakati huo huo mkaguzi wa kodi alikuwa mlangoni. Mwanzoni mwa 2003 Ishii alikamatwa, akaachia uongozi. Januari 2004 mahakama ya Tokyo ikamhukumu kifungo cha miezi 22 kwa kukwepa kodi. Rufaa zikachukua muda, kifungo akakitumikia, akatoka 2008.

Sitamtetea. Fedha iliyofichwa ilikuwa ya kampuni iliyokuwa inapata faida halali. K-1 ilikuwa tajiri, mtu hakulazimishwa na njaa.

SEHEMU YA 6: BAADA YAKE

Kampuni mpya ya kuendesha K-1, FEG, ikaundwa mwaka 2003 chini ya Sadaharu Tanikawa, ambaye alitokea kwenye uandishi wa magazeti ya mapigano. Mwanzo ulikuwa wa kishindo. Desemba 31, 2003, Sapp alipambana na Akebono, bingwa mstaafu wa sumo, huko Nagoya. Usiku ule kila nyumba ya Japani huangalia shindano la nyimbo la televisheni ya NHK, Kohaku. Kwa dakika chache, wakati Akebono anapigwa, watazamaji wa pambano waliwazidi wa Kohaku. Hilo halijawahi kuota kichwani mwa yeyote.

Ila Akebono hakuwa mpiganaji wa ngumi na mateke. Kuanzia hapo K-1 ilizidi kuuza miujiza ya aina hiyo, majitu na majina, huku mabingwa wa kweli kama Remy Bonjasky na Semmy Schilt wakiwa kama wapo pembeni ya jukwaa. Masato alistaafu usiku wa Desemba 31, 2009, kwa ushindi dhidi ya Souwer. Yale ya Sawamura yakajirudia: nyota wa nyumbani ameondoka, televisheni zinapunguza fedha. Fainali ya 2010, aliyoshinda Alistair Overeem, haikuwa Tokyo Dome tena. Ilifanyika Ariake, ukumbi mdogo zaidi mara kadhaa.

Kisha wapiganaji wakaanza kusema hadharani kwamba hawajalipwa. Watu waliopigana, wakashonwa, wakarudi makwao wakisubiri pesa inayohesabiwa kwa miezi, wengine kwa miaka. Mwaka 2012 FEG ikafilisika. Mwaka huo huo kampuni nyingine ya ngumi na mateke, Glory, ikaanzishwa, ikainunua kampuni ya It's Showtime ya Mholanzi Simon Rutz, na wapiganaji wengi wakubwa wakahamia huko.

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Kodi ni kosa kwa serikali, lakini kutomlipa mpiganaji ni kumwibia mtu damu yake. Yeyote anayefuatilia ngumi hapa kwetu anayajua malalamiko ya aina hiyo: bondia kashinda, mkanda kavalishwa, picha zimepigwa, na wiki ya tatu bado anampigia promota simu isiyopokelewa. Mpiganaji anapaswa kujua kabla hajapima uzito kwamba fedha yake imeshawekwa mahali na mtu wa tatu anayeaminika.

> Kwa hiyo kosa ni la Ishii au la Tanikawa?

Nimelifikiria sana. Tanikawa ndiye aliyekuwa kwenye usukani deni lilipokua, hilo halina ubishi. Lakini aliyeijenga K-1 iwe inasimama kwa fedha ya televisheni peke yake ni Ishii. Hakuacha chama huru, wala mfuko wa wapiganaji. Kila uamuzi ulikuwa kichwani mwake, na alipoondoka ukaondoka naye. Nikilazimishwa kugawa lawama, nampa Ishii nusu.

> Na Afrika je? Hatukuwa na mtu humo?

Tulikuwa nao, mkuu, hasa kutoka Afrika Kusini. Mike Bernardo wa Cape Town alifika fainali ya 1996 na aliwahi kuangusha majina makubwa kama Hug, alifariki 2012. Jan Nortje, jitu jingine la huko, naye alipigana miaka mingi. Kwa Afrika Mashariki mchezo upo, ila njia ya kwenda juu haikuwepo. Japhet Kaseba tulimjua kwanza kwa ngumi na mateke kabla hajaonekana kwenye ngumi za kawaida, na Uganda wana Moses Golola, ambaye kwa kulijaza jukwaa la mkutano na waandishi hana mpinzani. Vipaji vya namna hii vinahitaji mashindano yanayorudi kila mwaka tarehe inayojulikana. Pambano moja moja lenye mabango mengi halijengi mtu.

> K-1 si bado ipo? Nimeona mapambano ya juzi juzi.

Jina lipo. Baada ya FEG kufa lilihamia kwa wamiliki wengine, wakajaribu mashindano ya dunia, na Machi 2013 Mirko Cro Cop akawa bingwa huko Zagreb, nyumbani kwake. Mwaka 2014 ikaanza upya Japani na vijana wa uzito mdogo, na ndiyo hiyo unayoiona. Ni mchezo mzuri, wa kasi, ila ni nyumba nyingine yenye anwani ya zamani.

Anayetaka kuanza kuangalia, asianze na Sapp. Aangalie mashindano yote ya 1993 kwa mpangilio, pambano la kwanza mpaka la mwisho, maana fainali peke yake haina ladha kama hujaona walivyofika pale. Kisha Hug ya 1994, zile sekunde 19, na bila kupumzika aangalie ile ya Mei 1996. Baada ya hapo 2001, Mark Hunt wa New Zealand akimlaza Le Banner. Mwenye viungo vizuri vya video aviweke hapa chini, na aliyewahi kupanda ulingo wa ngumi na mateke Dar, Nairobi au Kampala naomba aje atueleze alilipwaje.